Mgongo wa Kielelezo: Kuwasilisha Kumbukumbu za Rufaa Mtandaoni

Mawakili wasomi, nanyi makarani wa ofisi za mawakili ambao kwa kweli ndio mnaoifanya kazi hii, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kufungua rufaa ya madai katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania kwa njia ya mtandao. Kufungua akaunti, kuchagua masjala na kupakia faili sitakufundisheni, mnayafanya kila wiki. Naanza na mashine ya kuskani. Nimelisema hili kwenye kumbi nyingi na nitaendelea kulisema, maana bado nyaraka zinapakiwa vilevile.

Kanuni ya 96(1) ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 inataja vitu vinavyounda kumbukumbu za rufaa: faharasa, anuani za wadaawa, hati za madai na majibu, mwenendo wa shauri, vielelezo vilivyopokelewa, hukumu, dikrii (hati ya amri inayotokana na hukumu), notisi ya rufaa na vinginevyo. Mfumo wa kielektroniki haukufuta hata herufi moja ya kanuni hiyo. Ulichobadilisha ni chombo cha kubebea tu.

Sasa chukueni kielelezo kimoja: mkataba wa mauziano ya kiwanja, kurasa nne, ulipokelewa Mahakama Kuu kama kielelezo P3, yaani cha tatu cha mdai. Amri ya XIII kanuni ya 4 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka kielelezo kilichopokelewa kiandikwe namba ya shauri, jina la aliyekitoa, tarehe kilipotolewa na maelezo kwamba kimepokelewa, kisha jaji atie saini. Yanaandikwa wapi hayo? Ukurasa wa kwanza umejaa maneno, wa mwisho una saini za mashahidi na picha za pasipoti. Basi mhuri unagongwa mgongoni mwa karatasi.

Karani wako anaweka karatasi nne kwenye mashine iliyotegwa upande mmoja. Zinatoka kurasa nne safi, zinasomeka vizuri, na wakili anazipitisha. Ule mgongo wenye mhuri na saini ya jaji umebaki kabatini. Mwenzako upande wa pili anasimama na kuuliza: hiki kielelezo kilipokelewa lini, na nani? Wewe unajua kilipokelewa, mwenendo pia unasema kilipokelewa, lakini karatasi iliyo mbele ya majaji watatu haina alama yoyote.

Mtu ataniambia: tutaomba kuleta kumbukumbu za nyongeza. Ni kweli, baada ya marekebisho ya mwaka 2019 kanuni ya 96(7) inaruhusu kuomba, hata kwa mdomo siku ya kusikilizwa. Lakini msiishie hapo, someni na ya 96(8). Ukishapewa ruhusa hiyo, Mahakama haitasikiliza tena ombi kama hilo katika rufaa ileile. Kwa hiyo, ukiitumia nafasi yako yote kwa mgongo wa P3, halafu ikaonekana kwamba na mgongo wa P7 haupo, huna pa kukimbilia.

Mwingine atasema: kuna lengo kuu la haki katika Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, yaani mahakama itende haki bila kufungwa mno na ufundi wa kisheria. Nalisikia hili kila mara na linanichosha. Katika shauri la Mondorosi Village Council dhidi ya Tanzania Breweries Mahakama ilisema wazi kwamba kanuni hiyo haitumiki kwa upofu dhidi ya masharti ya lazima ya sheria za mwenendo yanayogusa msingi wa shauri. Lengo kuu halikuwekwa ili kufidia uvivu wa kugeuza karatasi.

Basi fanyeni hivi. Tegeni mashine iskani pande zote mbili. Halafu zimeni ile huduma ya kuondoa kurasa tupu, maana mashine haijui mhuri uliofifia ni nini: ikiona ukurasa una alama ndogo ya bluu iliyopauka, inauhesabu kuwa mtupu na kuutupa. Kurasa tupu ondoeni wenyewe kwa macho, mmoja mmoja. Kielelezo cha kurasa 40 hakikuchukulii hata dakika tano.

Kuhusu ubora: skanini kwa nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa A4 kwa kipimo hicho una nukta karibu milioni 8.7. Kwa rangi kamili, kabla ya kubanwa, ni kama megabaiti 26 kwa ukurasa mmoja. Kwa kijivu ni karibu 9. Kwa nyeusi na nyeupe ni kama 1 tu. Mwenendo uliochapwa tumieni nyeusi na nyeupe. Vielelezo vyenye mihuri, saini na maandishi ya mkono tumieni kijivu, maana nyeusi na nyeupe inaumeza mhuri uliopauka. Rangi wekeni kwenye ramani na picha peke yake. Wengi huskani kila kitu kwa rangi, faili linakuwa kubwa kupita kiasi, mfumo unalikataa, kisha wanalibana kwa programu ya bure ya mtandaoni mpaka namba za hati haziwezi kusomeka. Tena hapo umepeleka nyaraka za mteja wako kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Na kupiga picha kwa simu, tafadhali, acheni. Kivuli cha mkono kinaangukia tarehe.

Namba za kurasa. Faharasa yenu mmeipa namba za kirumi, i mpaka iv, halafu ukurasa wa 1 unaanzia kwenye hati ya madai. Kwenye karatasi hakuna neno. Kwenye kompyuta, ukurasa uliopigwa namba 212 ndio wa 216 wa faili. Jaji anasema twende ukurasa wa 212, ninyi mnasoma kitu kimoja, yeye anaangalia kingine, na dakika zako za kuwasilisha hoja zinakwisha hivyo. Dawa yake ni kuanza namba 1 kwenye jalada la mbele lenyewe, moja kwa moja hadi mwisho. Pigeni namba baada ya kuunganisha kila kitu, wala si kabla, kisha ndipo mkamilishe faharasa.

Muda. Notisi ya rufaa siku 30 tangu uamuzi, rufaa yenyewe siku 60 tangu notisi, kanuni za 83 na 90. Kanuni za kuwasilisha nyaraka kielektroniki za mwaka 2018 zimewazoesha watu kwamba kilichoingia kabla ya saa sita usiku ni cha siku hiyo. Wakabweteka. Wanapakia saa tano na nusu usiku wa siku ya 60, kontroli namba ya kulipia ada inachelewa kutoka, wanalipa kesho yake. Someni John Chuwa dhidi ya Anthony Ciza, 1992: tarehe ya kufungua ni tarehe ada ilipolipwa. Mnaweza kubishana kwamba mfumo umeligeuza hilo, lakini kwa nini rufaa ya mteja iwe uwanja wa kujaribia hoja yenu? Lipeni siku ileile, hifadhini stakabadhi yenye tarehe na saa.

Na intaneti ikikatika? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, nchi nzima ikayumba. Aliyekuwa siku ya 50 alikuwa na nafasi ya kungoja. Aliyekuwa siku ya 60 alilazimika kwenda kwa kanuni ya 10 kuomba kuongezewa muda, na huko anakutana na vigezo vya shauri la Lyamuya Construction: ueleze muda wote uliochelewa. Kwa hiyo, mfumo ukigoma, piga picha ya kioo yenye saa, andikia masjala barua pepe wakati huohuo, na uombe kuongezewa muda kesho yake asubuhi, usingoje wiki mbili.

Cheti cha ucheleweshaji, kile cha Msajili kinachotoa kwenye hesabu ya siku 60 muda wa kuandaa nakala za mwenendo, nitakipita haraka. Kinakusaidia tu kama barua ya kuomba nakala hizo uliiandika ndani ya siku 30 tangu uamuzi na ukampa mjibu rufaa nakala ya barua hiyo. Linganisheni tarehe zilizo kwenye cheti na zile za barua kabla ya kupakia. Tarehe ikikosewa, rudini kwa Msajili aisahihishe kwanza. Dikrii nayo lazima ibebe tarehe ambayo hukumu ilisomwa, Amri ya XX kanuni ya 7. Siku ilipochapwa haihusiki.

Rufaa za jinai zina utaratibu wake, notisi ndiyo inayoanzisha rufaa, na muda hautoshi leo.

La mwisho: kupakia kwenye mfumo msikuhesabu kuwa ni kumkabidhi mjibu rufaa. Kanuni ya 97 inampa mrufani siku saba tangu kufungua. Mpelekeeni nakala na mpate saini yake ya kupokea. Kuanzia siku mliyofungua rufaa hesabuni siku 60 za hoja za maandishi chini ya kanuni ya 106, na muandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ofisi kabla hamjafunga kompyuta.