Anayerudi Kwao Si Mtalii

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mada niliyopewa ni hamu ya kwao na raha ya nafsi kwa Wachina waliohamia mijini, pale wanapotembelea vijijini. Nitaanza na hilo neno "vijijini", maana ndilo linalotupoteza. Kijiji kipi? Chochote kile, au kwao?

Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia mpaka lieleweke. Kuna mtu aliyezaliwa Chengdu, jiji kubwa la kusini-magharibi mwa Uchina. Jumamosi anaendesha gari hadi nongjiale, yaani nyumba ya mkulima iliyofunguliwa kwa wageni. Anakula kuku, anacheza mahjong, mchezo wa vigae, chini ya mti, jioni anarudi zake. Biashara hiyo ilianzia pembezoni mwa Chengdu hukohuko, sehemu iitwayo Pixian, miaka ya 1980. Halafu kuna mwanamke wa kijiji fulani cha jimbo la Hunan anayeshona nguo kiwandani katika jimbo la Guangdong, na kwao anafika mara moja kwa mwaka. Watafiti wanawajazisha hawa wawili dodoso moja, wanawaita wote "wageni wa vijijini", kisha wanatangaza kwamba kijiji kinaponya. Kimemponya nani hapo?

Tofauti ya watu hawa haiko moyoni tu, iko kwenye karatasi. Tangu Januari 1958 kila Mchina ameandikishwa mahali pake kwa mfumo wa hukou, yaani usajili wa kaya. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta asilimia 63.89 ya watu wanaishi mijini, lakini walioandikishwa kama watu wa mjini ni kama asilimia 45.4. Katikati ya tarakimu hizo wamo watu zaidi ya milioni 250. Wanalala mjini, wanapanga vyumba mjini, wanajenga huo mji, na haki zao nyingi zimebaki kijijini. Mageuzi ya mwaka 2014 yalifuta mgawanyo wa hukou ya wakulima na isiyo ya wakulima, milango ya miji midogo ikafunguliwa. Beijing na Shanghai bado zinamhesabia mhamiaji pointi kabla ya kumpa hukou yao.

Najua kuna anayesema moyoni: mbona hata Wachaga hujaza mabasi ya Kilimanjaro kila Desemba? Barabarani wanafanana, ni kweli. Lakini hakuna sheria ya Tanzania inayomwambia mtoto wa Mchaga aliyesoma Dar es Salaam akafanye mtihani wa mwisho Rombo kwa sababu kwao ni Rombo. Uchina, mtihani wa kuingia chuo kikuu, gaokao, kwa kawaida hufanywa hukou ilipo. Kwa hiyo mtoto hurudishwa kabla ya sekondari ya juu, au huachwa kwa bibi yake tangu mdogo. Yule mama wa kiwandani anaposhuka kwenye basi hafuati mandhari. Anamfuata mwanawe. Mkimuuliza kama hewa safi imempunguzia msongo wa mawazo, mmeuliza swali la mtu mwingine.

Sasa saikolojia. Mwaka 1688, huko Basel, Uswisi, mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer alibuni neno nostalgia, yaani hamu ya kwao, kuwa jina la ugonjwa. Wachina wana xiangchou: xiang ni kijiji cha asili, chou ni huzuni. Utafiti wa leo umegeuza meza. Wanasaikolojia Constantine Sedikides na Tim Wildschut wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, pamoja na Xinyue Zhou aliyekuwa Guangzhou, Uchina, walichapisha mwaka 2008 kazi iliyohusisha watoto waliotoka vijijini na kuhamia mjini pamoja na wazazi. Upweke humfanya mtu ajione hana wa kumtegemea. Lakini upweke huohuo huamsha hamu ya zamani, na hamu hiyo humrudishia hisia kwamba anao watu. Sikilizeni hapo: anao watu. Hawakusema anao mlima, wala bwawa la yungiyungi.

Namna hamu hiyo inavyoamshwa kwenye majaribio ni rahisi. Mtu anaombwa akumbuke tukio moja analolionea hamu, analiandikia maneno 4 ya kulifupisha, kisha kwa dakika chache anaandika jinsi linavyomfanya ajisikie. Mwenzake anaandika tukio la kawaida. Baadaye wote wanajaza vipimo vilevile, na tofauti yao ndiyo jibu. Ni kazi safi. Inachafuka inapopelekwa kijijini na watu wenye haraka. Dodoso linagawiwa langoni mwa kijiji, kwa hiyo aliyeshindwa kuja hayumo. Wachina wana msemo wa kurudi kwao umevaa hariri; aliyekosa mshahara huona aibu kurudi na kanzu chakavu, anaishia kusherehekea mwaka mpya bwenini. Huyo ndiye mwenye hamu kuliko wote, na hahesabiwi! Pia hamu na furaha vinapimwa karatasi moja, dakika moja. Aliyeamka vizuri anaweka alama za juu kote, kisha tunaambiwa hamu ndiyo iliyoleta furaha. Na ukiandika xiangchou kwenye swali, huzuni umekwisha kuitia mwenyewe, iko ndani ya neno.

Kosa lingine ni la siku. Msimu wa safari za Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, yaani mwaka mpya wa Kichina, una siku 40, 15 kabla ya mwaka mpya na 25 baada yake, lakini mhamiaji mmoja hukaa kwao siku chache tu. Mkesha ni chakula cha ukoo mezani. Kuanzia kesho yake ni kuzungukia jamaa, bahasha nyekundu za watoto, na maswali: unalipwa kiasi gani, utaoa lini, mwenzako amejenga wewe vipi? Raha ya mkesha na raha ya siku ya tano ni vitu viwili. Msivijumlishe.

Wapanga mipango nao wana lao. Desemba 2013, kwenye mkutano wa ukuaji wa miji, Xi Jinping alisema watu waweze kuona milima, kuona maji, na kuikumbuka xiangchou. Kauli nzuri. Vijiji vingapi vimeishia kupakwa chokaa na kuwekewa jiwe la kusagia kwenye bustani kama pambo? Wakati huo nyumba ya mhamiaji inakufa nyuma ya ukuta mweupe. Jikoni hakuwashwi moto, unyevu unakaa. Kigae kimoja kinateleza, maji yanaingia kwenye boriti, boriti linaoza, paa linazama, na ukuta wa udongo ulioshindiliwa unayeyuka kwa mvua. Kigae kingerudishwa kabla ya masika, haya yote yasingekuwapo. Sasa mwenye nyumba analala kwa shemeji yake, siku ya pili anaaga. Fedha za chokaa zingeezeka paa hilo.

Je, utalii haufai? Unafaa sana, ukiwabakiza vijana wenye kazi kijijini. Muda hauniruhusu kwenda huko.

La mwisho, kwa haraka, maana najua litaulizwa: kama kinachowavuta ni watu, kwa nini hata wasio na wazazi wanakwenda kwao wakati wa Qingming, siku ya kusafisha makaburi mwanzoni mwa Aprili? Kwa sababu makaburini ndiko ndugu wanakokutana. Wanang'oa magugu, wanachoma karatasi za fedha za wafu, wanaandaa chakula, na yupo anayemwita mwenzake kwa jina la maziwa, lile la utotoni ambalo kiwandani halijulikani. Liwekeni hilo kwenye dodoso: nani kule bado anakuita kwa jina hilo? Muulizeni kabla ya safari, siku ya tatu akiwa kijijini, na tena wiki mbili baada ya kurudi kwenye cherehani yake.