Kihisi Kikidanganya: Majaribio ya Ndege Mpya Angani

Asanteni. Swali la kwanza kwenye karatasi hizi linasema: rubani wa majaribio anajuaje kwamba kipimo cha mwendo kinasema kweli?

Ndege hupima mwendo kwa kulinganisha migandamizo miwili: wa hewa inayoingia kwa nguvu kwenye kibomba cha mbele, na wa hewa tulivu inayosomwa kwenye vitundu vya ubavuni. Taabu ni kwamba hewa ya ubavuni haitulii. Ndege yenyewe inaivuruga. Ndiyo maana katika picha za ndege za majaribio mtaona mpira mwembamba, mrefu, ukiburutwa nyuma ya mkia, na mwishoni una faneli. Faneli inaunyosha mpira tu. Hewa inasomwa kwenye vitundu vya mpira, mbali na vurugu. Namba zake zikishalinganishwa na za ubavuni, masahihisho yanaingizwa kwenye kompyuta za ndege.

Mapipa ya maji yaliyopangwa mahali pa viti kuiga uzito wa abiria, breki zinazowaka nyekundu baada ya jaribio la kusimama ghafla huku zimamoto wakisubiri dakika 5 bila kuzigusa: hayo mmeyaona kwenye video. Yanapendeza. Mimi nahofia zaidi majaribio yasiyo na moshi.

Chukueni Boeing 737 MAX. Majaribio ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba kwenye mwendo mdogo, ndege inapokaribia kuishiwa mnyanyuko, tabia yake hairidhishi. Basi mfumo wa MCAS, programu ya kompyuta inayoinamisha pua ya ndege yenyewe bila rubani kuiagiza, ukaongezewa nguvu: badala ya kusogeza bawa la mkiani nyuzi 0.6, ukaruhusiwa nyuzi 2.5. Hapo majaribio yalifanya kazi yake. Lakini dawa nayo ilitaka kupimwa, tena kwa hali mbaya: kihisi kimoja, yaani kifaa kinachopima pembe ya ndege dhidi ya hewa inayoijia, kikitoa namba ya uongo, ving'ora vikilia, na MCAS ikirudia kuinamisha pua. Hilo halikufanywa kwenye simuleta, mashine ya ardhini inayoiga urukaji. Ndege ya Lion Air ya Indonesia ikaanguka Oktoba 2018, kisha ile ya Ethiopian iliyokuwa ikija Nairobi tarehe 10 Machi 2019, na watu wote 157 wakafa, 32 kati yao Wakenya.

Siku hizi MCAS inasoma vihisi viwili. Vikipishana mno, inajizima. Steve Dickson, aliyekuwa mkuu wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, aliirusha ndege hiyo mwenyewe Septemba 2020. Lilikuwa jambo zuri kwa kamera. Kwangu mimi, lenye uzito ni marubani wa kawaida wa mashirika kuketishwa kwenye simuleta na kupewa namba za uongo.