Nimenunua Mauser ya 1877 mnadani, njooni tuisome

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wazee wangu wote shikamooni. Leo sipiki wala siendeshi gari. Nipo chumba cha chini hapa nyumbani Pennsylvania, na hapa mezani kuna kitu nilichokitafuta miaka minne. Ngoja nisogeze kamera. Haina risasi, nimefungua komeo mtazame wenyewe, mtutu ni mtupu.

Hii ni bunduki ya Kijerumani, Mauser modeli ya 1871. Yenyewe ilitengenezwa 1877 kwenye kiwanda cha serikali ya Wajerumani pale Spandau, jina na mwaka vimegongwa hapa kwenye chuma. Inachukua risasi moja tu. Ukishafyatua unavuta komeo, na kwa kuwa hakuna cha kulirusha ganda nje, unaiinamisha bunduki pembeni mpaka ganda lidondoke, ndipo unatia risasi nyingine. Na risasi yenyewe nene kweli, milimita 11, inasukumwa na baruti nyeusi.

Sasa, mtoto wa Tanga na bunduki ya Mjerumani, vipi? Novemba 1914 Waingereza walishusha pale kwetu askari kama 8,000 kutoka India. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama elfu moja, na askari wetu wengi walibeba aina hii hii, ila ile fupi, Jägerbüchse. Baruti nyeusi ina moshi, jamani! Ukipiga mara moja tu, wingu jeupe linakaa mbele yako na kila mtu anajua umejificha nyuma ya mnazi gani. Pamoja na hayo wakashinda. Waingereza walirudi melini wakaacha bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu za askari, na risasi laki sita. Bibi yangu alitusimulia kuhusu nyuki walivyowavamia watu siku ile, maana mizinga ilikuwa imetundikwa mitini. Nyumbani kwetu ukisema mizinga ya vita vya Tanga, watu wanakumbuka ya nyuki kwanza.

Basi ndiyo maana naitaka bunduki hii ukutani kwangu.

Sheria ya hapa Marekani ya mwaka 1968 inasema bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla ya hapo ni ya kale, haihesabiwi na silaha za leo. Majimbo mengine yana masharti yao juu ya hayo, kwa hiyo ulizeni mlipo kabla ya kutoa hela. Na asiniulize mtu kuhusu kuituma nyumbani, haitumwi.

Mnada una siku ya kukagua, na hiyo ndiyo siku yenyewe kuliko hata ya kununua. Nilikwenda na tochi na kioo cha kukuzia. Mjerumani alikuwa anagonga namba kila mahali: mtutu, komeo, mpaka vichwa vya skrubu vina tarakimu mbili za mwisho. Namba zikifanana zote, bunduki imekaa pamoja tangu kiwandani. Zisipofanana, imeunganishwa kutoka bunduki mbili tatu, na bei inashuka. Yangu zinafanana zote isipokuwa skrubu moja.

Haya nilijifunza kwa maumivu. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa Martini-Henry ya Waingereza, niliinunua kwa kuangalia picha tu mtandaoni. Ilipofika, neno Enfield lilikuwa na herufi N iliyogeuzwa. Mafundi wa mpakani kule Pakistani na Afuganistani walikuwa wanaiga bunduki za Malkia kwa mkono, na aliyegonga muhuri hakusoma alichokiandika. Nilikosa usingizi wiki nzima. Muuzaji alinijibu kwamba aliandika "inauzwa kama ilivyo", na kweli aliandika.

Safari hii niliandika kikomo changu kiganjani kwa kalamu: dola 700. Bei ilianza 300, mnadi anakwenda mbio huelewi hata anachosema, kuna mtu kwenye simu akawa ananifuata. Nyundo ikagonga kwenye 650. Mkumbuke nyumba ya mnada huongeza yake juu. Hii ilikuwa asilimia 20, kwa hiyo nililipa 780, kodi mbali. Ukisahau hesabu hiyo utajikuta huna nauli.

Jambo moja nawaomba sana: mkirithi chuma cha kale, msikisugue kwa msasa! Weusi ule na madoa ya mikono ndiyo umri wake. Kitambaa laini na mafuta kidogo, basi.

Siwezi kusema bunduki hii ilifika Tanga. Muuzaji alinidokeza kwamba ni "ya Afrika", nikamwuliza namba au karatasi ipi inasema hivyo, akanyamaza. Nimelipia chuma na mbao, hadithi yake sikuilipia. Ila hapa kwenye bamba la kitako kuna alama ya kikosi, imefifia, naona herufi moja na namba mbili. Nitaipiga picha ya karibu niiweke chini ya video. Na wewe ambaye babu yako aliwahi kutaja namba ya kampuni yake, ya Mjerumani au ya Mwingereza, niandikie kama alivyoitamka yeye, usiisahihishe.