Manowari za Kaisari

Ndugu zangu, tuanze na kisiwa. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza, nayo ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha mwamba katika Bahari ya Kaskazini. Wakazi wa visiwa hivyo hakuna aliyewauliza. Wajerumani wengi waliona wamepunjwa. Lakini Heligoland inakaa mbele ya mlango wa mto Elbe, njia ya meli za Wajerumani kutokea baharini, na mwaka 1897 Kaisari Wilhelm wa Pili alimkabidhi Alfred von Tirpitz mambo ya jeshi la majini.

Tirpitz alikuwa na hesabu yake. Hakutafuta kuwazidi Waingereza. Alitaka manowari za kutosha ili wao wakizipiga, hata wakishinda, watoke wanachechemea mbele ya Ufaransa na Urusi. Wakiogopa hilo, watakuja mezani. Sheria ya 1898 ikaagiza manowari kubwa 19, na ya 1900 ikafikisha 38.

Hapa naomba tutue, maana hesabu nzima ilisimama juu ya jambo moja: kwamba Uingereza haitapatana na Ufaransa wala Urusi. Mwaka 1904 ikapatana na Ufaransa, 1907 na Urusi. Katikati yake, 1906, Waingereza wakashusha majini Dreadnought, manowari ya aina mpya, na manowari zote za zamani zikawa zimepitwa, za Wajerumani na zao wenyewe. Tirpitz akalazimika kuunda mpya, kubwa mno kupita Mfereji wa Kiel, unaounganisha Bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini, uliofunguliwa 1895 tu. Ukapanuliwa, kazi ikaisha Juni 1914. Kwangu mimi ushahidi mzito kuliko wote kwamba hesabu ilikwama ni kikao cha Kaisari cha tarehe 8 Desemba 1912. Majenerali walipozungumzia vita, Tirpitz mwenyewe ndiye aliyeomba vicheleweshwe mwaka mmoja na nusu.

Vita Kuu vya Kwanza vilipokuja 1914, Waingereza hawakuweka kizuizi chao karibu na Heligoland. Waliziba bahari kwa mbali, kati ya Scotland na Norway, na kwenye mlango wa bahari wa Dover. Manowari za Kaisari zikakaa bandarini kwa muda mwingi. Zilipambana na kundi kuu la Waingereza mara moja, Jutland, karibu na pwani ya Denmark, 1916, zikarudi. Mwishoni mwa Oktoba 1918 zikaamriwa zitoke kwa pigano la mwisho, na mabaharia wakagoma. Uasi ukashika Kiel, ukaenea mji kwa mji, na tarehe 9 Novemba ikatangazwa Berlin kwamba Kaisari ameacha kiti.