Radi imeua intaneti ya kompyuta? Chagua kadi ya mtandao hivi

Habari zenu watazamaji, kuanzia Tunduma, Mwanjelwa, Uyole mpaka Iringa. Mvua za huku zikianza Novemba, malalamiko yanakuwa yale yale: radi imepiga, kompyuta inawaka vizuri, ila intaneti hakuna. Fundi anakwambia ubadilishe madabodi. Subiri kwanza.

Chukua ule waya wa mtandao uuchomeke kwenye laptop au kompyuta nyingine. Taa pale kwenye tundu zikiwaka na intaneti ikaja, waya na ruta ni wazima. Kilichokufa ni tundu la kompyuta yako, na kadi ya kuchomeka inaweza kuziba pengo hilo.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kava. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kitu ndani, hasa Juni na Julai tunapovaa masweta, maana yanabeba umeme tuli.

Sasa angalia hapa chini. Hii slotu fupi, kama sentimita 2.5, ni PCI Express x1. Kadi nyingi za sasa zinaingia hapa, na hata kwenye ile ndefu ya kadi ya picha zinakaa bila shida. Hii nyingine ndefu, mara nyingi nyeupe, ni PCI ya zamani. Kadi zake haziingiliani na hizi, kwa hiyo piga picha ya slotu uende nayo dukani.

Watu wengi wanakwama kwenye hiki kibati cha nyuma. Kompyuta nyembamba za ofisini, zile za mtumba, zinataka kibati kifupi. Ukinunua kadi yenye kibati kirefu peke yake, kava halifungi. Ulizia kadi inayokuja na vyote viwili.

Kasi je? Kama kifurushi chako ni cha kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, hata kadi ya megabiti 100 haikucheleweshi. Ila ukiwa na stesheneri na mnarushiana mafaili kati ya kompyuta, chukua ya gigabiti 1: faili la gigabaiti 1 linapita kwa sekunde kama 9 badala ya dakika moja na nusu. Ya gigabiti 2.5 mimi nisingeinunua kama swichi yenyewe, kile kiboksi kinachounganisha nyaya za mtandao za kompyuta, ni ya gigabiti 1.

Soma maandishi ya chipu iliyo kwenye kadi kwa tochi ya simu. RTL8111 ni ya gigabiti 1. RTL8139 ni ya zamani, megabiti 100, hata kama boksi limeandikwa makubwa. Wa laptop, chukueni adapta ya USB 3.0, kwa sababu USB 2.0 inaishia megabiti 480.

Chomeka kadi mpaka ikae sawasawa, kaza skrubu, washa. Windows isipoitambua, unganisha simu kwa waya wa USB, ishirikishe kompyuta intaneti ya simu, upakue draiva, yaani programu ya kuiendesha hiyo kadi.

Mwisho bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bofya mara mbili alama ya kadi mpya. Kwa kadi ya gigabiti 1, kasi inatakiwa isome 1.0 Gbps. Ikisoma 100 Mbps na swichi ni ya gigabiti, kadi usiirudishe dukani bado: kata vichwa vya waya uvibane upya, kwa sababu gigabiti inataka nyaya zote 8, wakati megabiti 100 inatembea na 4 tu.