Kwanza Deni, Ndipo Kondoo

Ahsanteni. Kaeni, kaeni. Mwenyekiti kanitambulisha kama mtaalamu wa Agano la Kale, nami nashukuru, ila wanaonijua wanajua nina wimbo mmoja tu, na leo nitauimba tena. Waliokwisha kuusikia wanivumilie. Nikiruka ubeti wanikumbushe.

Mambo ya Walawi, kitabu cha Biblia chenye sheria za sadaka za Waisraeli wa kale, hakisomwi. Mtu anaanza Mwanzo mwezi wa kwanza kwa nguvu zote, Kutoka kinakwenda vizuri mpaka ng'ambo ya bahari, halafu anakutana na figo mbili na kitambi cha ini, anafunga kitabu. (Kicheko.) Sitawalazimisha. Sadaka ya kuteketezwa, ya unga, ya amani, ya dhambi, mtajisomea wenyewe. Mimi nataka ile ya tano, sadaka ya hatia, na hata hiyo si yote: mistari saba tu, mwanzo wa sura ya 6.

Sikilizeni mkosaji wake ni nani. Hakuabudu sanamu. Ni mtu aliyewekewa amana akaikana. Ni aliyemdhulumu jirani. Ni aliyeokota kitu kilichopotea, akaulizwa, akaapa kwamba hajakiona. Sasa moyo umemsuta. Afanye nini? Arudishe kile alichochukua, kizima, aongeze juu yake sehemu ya tano, ampe mwenyewe. Kisha amlete kondoo dume kwa kuhani.

Hapo kwenye "kisha" ndipo ninapokaa miaka yote hii.

Nilikuwa darasa la pili. Mama yangu alifunga chenji yake kwenye pindo la kanga, na Jumamosi moja jioni aliiacha kanga juu ya kiti. Nikalifungua fundo, nikachomoa shilingi, nikalifunga tena vibaya. Usiku sikupata usingizi. Asubuhi kanisani, kapu lilipopita, nikaitumbukiza ile shilingi, nikaisikia inagonga wenzake chini, roho ikatulia tuli. Nikaona mimi na Mungu tumemalizana. Tulipofika nyumbani mama akahesabu, akaniangalia. Nikamwambia ukweli, tena kwa maringo kidogo: mama, nimemtolea Mungu. Akasema, "Mungu umempa shilingi yangu. Mimi umenipa nini?" Nilichota maji ya ziada wiki nzima kuilipa.

Mama hakuwahi kusikia neno Mishna maishani mwake. Lakini Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo za Wayahudi uliokusanywa mnamo mwaka 200 baada ya Kristo, inasema kama yeye. Iko katika kitabu chake kiitwacho Bava Kamma, sura ya 9. Aliyerudisha mali kwanza, akaleta sadaka baadaye, amefanya sawa. Aliyeleta sadaka kwanza, mali baadaye, haikuhesabiwa. Kondoo kachinjwa, damu imenyunyizwa, makuhani wamekula nyama wakashiba, na mwenye kondoo bado ana hatia yake vilevile.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Sarafu ndogo kuliko zote kwao iliitwa peruta, kipande cha shaba. Peruta 192 ndizo dinari moja ya fedha. Kondoo wa sadaka hii, kwa hesabu ya marabi, walimu wa Kiyahudi, asipungue shekeli 2, yaani dinari 8. Zidisheni. Peruta 1,536! Na sura hiyohiyo inasema: aliyemnyang'anya mwenzake kitu cha peruta moja, akamwapia uongo, lazima amfuate nayo hata mpaka Umedi. Umedi iko ndani ya Iran ya leo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Yerusalemu, na wakati huo usafiri ni punda. Hata kumpa mtoto wa mwenye mali haitoshi. Basi kondoo wa peruta 1,536 amefungwa uani anatafuna majani, hana kazi, anasubiri peruta moja ifike kwa mwenyewe.

Namwona mhasibu pale anatikisa kichwa. Nauli inazidi deni mara mia, sivyo? Wao pia waliliona. Talmudi, yaani mijadala ya marabi juu ya Mishna, imehifadhi utaratibu wa kumrahisishia anayetubu: gharama ya safari ikizidi deni, aliweke deni pamoja na ile nyongeza mahakamani, limsubiri mwenyewe, naye alete sadaka yake. Sawa. Lakini waliloondoa ni mzigo wa nauli. Peruta ya watu bado inatoka mfukoni.

Mwingine ataniambia: sehemu ya tano ni adhabu gani? Mwizi aliyekamatwa na mnyama akiwa hai mkononi, Kutoka 22 inamtoza wawili kwa mmoja. Kama kondoo keshachinjwa au kuuzwa, analipa wanne; ng'ombe, watano. Kweli kabisa. Lakini yule alikamatwa. Huyu wetu amekuja kwa miguu yake, kiapo kilikuwa kimeshamwokoa, shahidi hakuna, angeweza kufa na siri yake. Ukimtoza mara mbili atakaa nayo. Sheria ile iliwajua watu.

Ndugu zangu Waislamu humu ukumbini hawashangai, wao wana neno lake: haki ya mja, yaani haki ya mtu juu ya mwenzake. Mishna nayo, katika kitabu chake cha Yoma, inasema Siku ya Upatanisho inafunika yaliyo kati ya mtu na Mungu. Yaliyo kati ya mtu na mwenzake haiyafuniki mpaka amridhishe mwenzake.

Halafu kuna vijana wa chuo cha theolojia. Hawa nawapenda, lakini wananichosha. (Kicheko.) Kila mwaka mmoja ananiletea Amosi sura ya 5 na Isaya sura ya 1: "Mwalimu, manabii walizikataa sadaka!" Mwanangu, soma mpaka mwisho. Isaya anawaambia mikono yenu imejaa damu, kisha anawatuma kwa yatima na mjane. Wateja wake ni walewale walioleta kondoo kabla ya deni. Sadaka kwa Kiebrania ni korban, na shina lake ni ndugu wa shina la Kiarabu lililotupa sisi neno "karibu". Ni kumkaribia mtu kwake. Sasa unabisha hodi kwa mzee, umemletea zawadi ya kuku, na kuku mwenyewe umemwiba kwa binti yake nyumba ya pili. Akikufukuza, utasema mzee hapendi kuku?

Na msiniambie "lakini vyote ni vya Mungu, hata shilingi ya mama". Hilo nalo limejibiwa. Talmudi ina mfano wa mfalme aliyepita kwenye nyumba ya ushuru, akawaambia watumishi wake walipe. Wakashangaa: ushuru wote si wako? Akasema, wasafiri wote wajifunze kwangu, wasiukwepe. (Makofi, na sauti: "Rudia hiyo!") Sirudii, wengine mtaanza kutazamana.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo mengine matatu, nayataja nikiwa nasimama. La njiwa: asiyemudu kondoo kwa sadaka ya dhambi alete njiwa wawili, asiyemudu njiwa alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, kama lita mbili hivi, na upatanisho ni uleule. La unga wenyewe: Walawi 2 inapoanza kumtaja anayetoa unga, Kiebrania kinamwita nefeshi, nafsi, na marabi wakasema ni kwa sababu huyo ni maskini, Mungu anamhesabia kama ametoa nafsi yake. La sadaka ya shukrani nalilia kulikatisha, maana ni karamu: mnyama mzima na mikate 40, minne ya kuhani, 36 inabaki, na nyama hairuhusiwi kulala. Mtu mmoja na nyumba yake wataimaliza wapi? Lazima uite mtaa mzima, nao wakikaa watauliza umeponea wapi, itabidi usimulie.

Basi, basi, nimekaa. Nimeona mkono kule nyuma karibu na mlango. Ndiyo, mama, uliza. Na kama ni deni la kwangu, tuonane nje.