Upepo ni bure, bili inatoka wapi? Najibu

Mwangaluka, watu wangu. Nipo likizo Mwanza, nimekaa kibarazani kwa mama huku Pasiansi, kwa hiyo bodaboda zikipita mtanivumilia. Leo najibu lile swali, maana limenichosha. Kila nikiweka video ya Minnesota, jimbo la Marekani ninakoishi, mtu anaandika: "Si mna sheria ya umeme wa jua na upepo huko? Upepo haununuliwi, sasa bili gani unailalamikia?" Nikijibu, najidai. Nikinyamaza, nimesahau nilikotoka. Kuna mmoja kaandika eti nalalamika ili nipate sababu ya kutotuma hela. Kaka, hela natuma, na mama yuko ndani anasikia.

Haya. Mwaka 2007 jimbo liliziambia kampuni za umeme zifike asilimia 25 ya nishati jadidifu ifikapo 2025. Lengo likafikiwa mapema. Februari 2023 gavana Tim Walz akasaini kubwa zaidi: ifikapo 2040 umeme wote uwe wa kutotoa kaboni. Watu wanadhani ukishasainiwa mambo hayo, kesho yake bili inashuka. Thubutu!

Upepo hatuulipii, ila mnara wa kuuvuna na waya tunalipia. Upepo mzuri uko kusini-magharibi mwa jimbo, upande wa Buffalo Ridge, na watu wengi tuko Minneapolis na St. Paul. Njia kuu za umeme za mradi ulioitwa CapX2020 zilikula zaidi ya dola bilioni 2, na hela ya namna hiyo mteja anairudisha kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ila tuseme haki: mnara ukishasimama haununui makaa wala gesi. Majirani zetu wa Iowa wanapata zaidi ya nusu ya umeme wao kwenye upepo, na bei yao iko chini ya wastani wa Marekani. Kwa hiyo anayesema upepo lazima upandishe bili, kwanza anieleze habari za Iowa.

Mimi naona swali la bili linawafunika macho. Ulizeni hela inatua kwa nani. Mkulima mwenye shamba pale kwenye upepo analipwa na wenye mitambo kila mwaka kwa kukodisha ardhi yake, na mahindi yake analima palepale chini ya mnara. Halafu mitambo mikubwa ya upepo inalipa kodi ya dola 1.20 kwa kila megawati-saa, yaani uniti elfu moja. Asilimia 80 inaenda kaunti, 20 inabaki kwa serikali ndogo ya pale pale kijijini. Barabara zao zinachongwa kwa hela hiyo. Sasa nenda Becker, kwenye mitambo mikubwa ya makaa ya mawe ya Sherco. Kodi ya mitambo ile ndiyo iliyoubeba mji. Mmoja ulizimwa mwishoni mwa 2023, wa mwisho umepangiwa 2030. Wamejenga umeme wa jua jirani, sawa, lakini paneli hazihitaji watu wa zamu usiku kucha kama makaa.

Na mimi mpangaji wa ghorofa ya pili? Sina paa, sina shamba. Minnesota kuna mashamba ya paneli za jua ya kuchangia tangu sheria ya 2013: unajiunga, unapunguziwa kwenye bili. Nikasema hii ndiyo yangu. Jamani! Mkataba wa miaka 25, mimi hata nyumba nimepanga kwa mwaka mmoja. Wakataka rekodi yangu ya mikopo, na mgeni rekodi anaitoa wapi? Nikakusanya hati za mshahara, namba ya mita, sahihi juu ya sahihi. Nikapata. Basi sasa nina bili mbili kila mwezi, moja ya kampuni ya umeme na moja ya shamba, na punguzo linachelewa nyuma ya malipo. Naokoa? Naokoa, hela ya kununulia sato mmoja wa wastani hapo Mwaloni.

Sasa ninyi mnauliza mbona Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 na uniti haijashuka. Hesabu ni ileile ya ujenzi na waya. Kishapu hapo Shinyanga wanafanya umeme wa jua, megawati 50 za kwanza. Ningekuwa diwani wa huko, ningeng'ang'ania kujua halmashauri inabaki na nini kila mwaka, kabla ya kuuliza bei ya uniti. Lakini si diwani, msinitaje.

Wavuvi wa dagaa hapa ziwani wao hawakungoja sheria. Wengi wameacha karabai, wanatoka na taa za sola, kwa sababu walipiga hesabu ya mafuta ya taa ya kila usiku wakaona inawaumiza. Wewe duka lako linaweza kuwa na hesabu nyingine kabisa. Friji ya samaki si taa ya dagaa. Mimi si fundi, nasema yaliyonikuta mimi, usije kukopa VICOBA ukasema dada wa Minnesota kaniambia.

Na mnaoniagiza paneli kwenye begi: sibebi. Zinauzwa hapo mjini, nendeni na fundi wenu, mdai risiti na dhamana ya betri iliyoandikwa.